Kwa Nini Hawakutoroka Tu? Mapenzi na Tabaka katika Kijiji cha Enzi ya Malkia Victoria

Mpwa wangu alimaliza kutazama tamthilia moja ya Uingereza ya kale usiku wa manane, na asubuhi akaja mezani macho yamemvimba. Kisa chenyewe kinafanana na vingi vya aina yake: kijiji chenye kanisa la mawe, kijana wa nyumba kubwa, binti wa seremala, barua inayofichwa, mama mwenye hasira, na mwisho binti anaondoka na sanduku lake mkononi, mimba tumboni. Alikuwa na swali moja. "Mjomba, kama walipendana kiasi kile, kwa nini hawakutoroka tu?" Nilianza kumjibu kwa sentensi moja nikaona haitoshi. Nikaongeza ya pili, chai ikapoa. Nikamwahidi jibu kamili, nalo ndilo hili.

Tamthilia hizi zimetufikia kwa wingi miaka ya karibuni, kwa sababu bando la usiku linatosha kumaliza msimu mzima. Pamoja nazo umekuja ubishi, vijiweni hata majumbani. Wapo wanaosema zinatuonyesha mapenzi ya kweli, ya watu waliokuwa tayari kupoteza kila kitu. Wapo wanaosema zinatuonyesha ukatili wa tabaka, ukuta ambao hakuna aliyeuvuka. Naona pande zote mbili zinateleza mahali pamoja. Zinalichukulia tabaka kama mlinzi wa mlangoni, kazi yake kuwazuia watu wasipendane. Katika kijiji cha enzi ya Victoria watu walipendana kila siku, wa juu na wa chini, na mara nyingi hakuna aliyewahi kuwazuia. Tabaka lilianza kazi baada ya hapo. Liliamua nani alipe: nani apate nyumba, nani apoteze kibarua, nani abaki na mtoto, jina la nani liandikwe na la nani liachwe. Na deni hilo lilimwangukia, mara nyingi, aliyekuwa na kidogo, na miongoni mwa wenye kidogo likamwangukia mwanamke.

Tuanze na kijiji chenyewe. Victoria alitawala kuanzia 1837 hadi 1901, na tamthilia hupenda kutuonyesha ngazi mbili tu, kasri kilimani na vibanda bondeni. Ngazi zilikuwa nyingi, na zile zilizokaribiana ndizo zilizouma zaidi. Joseph Arch, aliyezaliwa mwaka 1826 katika kijiji cha Barford, Warwickshire, alisimulia uzeeni kwamba akiwa mtoto mdogo aliwahi kuchungulia kwenye tundu la ufunguo la mlango wa kanisa ili aone watu wazima wanafanya nini wakati wa ushirika mtakatifu. Wa kwanza kwenda mbele alikuwa kabaila wa kijiji. Wakafuata wakulima. Kisha wenye maduka, fundi wa magurudumu na mhunzi. Mwisho kabisa wakaenda vibarua wa mashambani na makanzu yao ya kazi, na hakuna mwingine aliyepiga magoti pamoja nao. Baba yake alikuwa miongoni mwa hao wa mwisho. Mtoto yule aliapa moyoni kwamba yeye hatapita hivyo.

Mpangilio ule wa altareni ulikuwa, kwa kiasi kikubwa, ndio mpangilio wa ndoa. Kiswahili kina neno linalolieleza jambo hili bila mzunguko: kufu. Bibi zetu wa pwani waliposema fulani si kufu yake hawakuwa wakizungumzia utajiri peke yake. Walimaanisha asili, kazi, elimu, namna ya kukaa na watu. Kijiji cha Kiingereza kilikuwa na hesabu hiyohiyo ya kufu, na kiliipima kwa vitu vidogo sana. Katika sensa ya 1851 wakulima walitakiwa kutaja idadi ya ekari wanazolima na idadi ya vibarua waliowaajiri, kwa hiyo hata karatasi ya serikali ilijua kwamba mkulima wa ekari 30 anayefukuza ndege shambani na watoto wake si mwenzake mkulima wa ekari 300. Wote wawili, mara nyingi, walikuwa wapangaji wa kabaila. Lakini mmoja binti yake alijifunza piano, na wa pili binti yake alikamua ng'ombe.

Meza ya chakula inaeleza mengi kuliko kasri. Zamani vijana waliofanya kazi ya shamba kwa mkataba wa mwaka mmoja, wasiooa na wasioolewa, waliishi nyumbani kwa mkulima na kula meza moja na familia yake. Waliajiriwa kwenye magulio ya kila mwaka. Mchungaji alikuja na fimbo yake au kishada cha sufu, mkamuaji na ndoo yake, na wakikubaliana mwajiri alimpa kishika uchumba cha kazi, kwa kawaida shilingi. Kusini mwa nchi utaratibu huu ulikuwa umedhoofika sana Victoria alipotawazwa. Mkulima aliyenufaika na bei nzuri ya nafaka alihamia sebuleni na familia yake, na kijana wa shamba akawa kibarua wa kutwa anayelala kwingine. Ukitaka kuelewa kwa nini kijana wa jembe la farasi na binti wa mkulima waliokulia boma moja hawakuoana mwaka 1860, itazame meza ile ilipogawanywa. Babu zao walichovya mkate bakuli moja. Wao walitenganishwa na mlango ambao mmoja wao alitakiwa kuubisha.

Sasa nije kwenye hoja ya wale wanaosema mapenzi yalikuwa huru, hasa kwa maskini. Hoja hii ina uzito na siidharau. Kibarua hakuwa na shamba la kurithisha, basi baba yake angemtishia kwa lipi? Vijana walikutana kwenye mavuno, kwenye magulio, njiani wakirudi kanisani Jumapili jioni, na kutembea pamoja mbele ya watu kulitosha kuwa uchumba. Mahari ya kujadiliwa haikuwepo, wala washenga. Wanahistoria wa idadi ya watu wamelinganisha vitabu vya ndoa na vya ubatizo, wakakuta kwamba katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 sehemu kubwa ya mabibi harusi, kama theluthi au zaidi, walifika kanisani tayari wana mimba. Kijiji hakikushangaa. Ilimradi ndoa ifuate, jambo lilihesabiwa limekwisha. Kwa maana hiyo ni kweli: msichana wa kibanda alikuwa huru kumchagua ampendaye kuliko msichana wa kasri, ambaye ndoa yake ilikuwa mkataba wa ardhi, na ambaye kaka yake mkubwa alirithi yote kwa sheria iliyodumu hadi 1925.

Uhuru huo, hata hivyo, ulifika mwisho kwenye paa la nyumba. Wawili wakishapendana wanahitaji mahali pa kulala, na kijijini nyumba zilikuwa za kabaila au za mkulima. Nyingi zilifungwa na kazi: ukiacha kazi, unahama. Mpaka mwaka 1865 kila parokia, yaani eneo la kanisa la kijiji, ililipa yenyewe gharama za maskini wake, na hapo ndipo lilipozaliwa jambo ambalo nadhani liliumiza mapenzi kuliko wazazi wote wenye hasira. Kabaila aliyemiliki kijiji kizima alikuwa na sababu ya kifedha ya kutojenga nyumba, na hata ya kuzibomoa, kwa kuwa kila familia changa ya kibarua ilikuwa kodi ya kesho. Waingereza waliviita vijiji hivyo vijiji vilivyofungwa. Vibarua wao walirundikana katika vijiji vya jirani vilivyo wazi, kwenye vyumba vya kupanga, wakatembea maili kadhaa asubuhi kwenda kulima ardhi ambayo hawakuruhusiwa kulala juu yake. Kijana wa kijiji kilichofungwa hakukatazwa kuoa. Aliambiwa tu hakuna nyumba.

Tazama pia ujira. James Caird alizunguka Uingereza mwaka 1850 na 1851 akichunguza kilimo, akaona kwamba kibarua wa mikoa ya kaskazini, karibu na migodi na viwanda, alipata wastani wa shilingi 11 na peni 6 kwa wiki, na wa kusini shilingi 8 na peni 5. Ni nchi moja, na ni sheria moja ya ndoa iliyowaongoza wote. Tofauti ya shilingi 3 kwa wiki ndiyo iliyoamua kama wachumba wataoana mwaka huu au watasubiri mingine, na kama mama mkwe atakula kwao au ataenda kwenye nyumba ya kazi ya maskini, ambako wasiojiweza walipewa malazi na chakula kwa masharti makali. Katika nyumba hizo, zilizoenea baada ya sheria ya maskini ya 1834, mume na mke walitenganishwa, wanaume upande wao na wanawake wao. Mwaka 1847 sheria iliruhusu wanandoa waliopita miaka 60 waombe kukaa chumba kimoja. Nikisoma kifungu hicho husimama kidogo. Watu wameishi pamoja miaka 40, wamezaa, wamezika, na sasa wanahitaji ruhusa ya kamati ili walale chumba kimoja.

Kwa hiyo, mpwa wangu, kuhusu kutoroka: walitoroka. Sheria ya 1753 ilidai matangazo ya ndoa kanisani Jumapili tatu, au leseni, na wa chini ya miaka 21 hakupata leseni bila ridhaa ya wazazi. Wenye haraka walivuka mpaka kwenda Gretna Green, Scotland, ambako sheria hiyo haikufika. Mwaka 1856 Bunge likabana: mmoja wao awe mkazi wa Scotland au awe amekaa huko siku 21 kwanza. Siku 21 bila ujira ni fungate kwa mtoto wa kabaila na ni njaa kwa mkamuaji. Wengine walikwenda mji wa karibu, wakatangazwa katika kanisa kubwa ambako hakuna anayewajua, wakafunga ndoa kimya. Hilo liliwezekana sana. Kilichokuwa kigumu ni Jumatatu yake.

Maana Jumatatu huyo bibi harusi alikuwa nani? Kuna uwezekano mkubwa alikuwa mtumishi wa ndani. Katika sensa ya 1851 kilimo kiliongoza kwa kuajiri watu, na utumishi wa majumbani ukafuata. Mabinti wa vibarua waliondoka nyumbani wakiwa na miaka 12 au 13 kwenda kufua, kusugua na kupika kwa watu. Waajiri wengi walikataza wachumba kuja hata mlango wa nyuma. Na ajira iliyofuata ilitegemea barua ya tabia kutoka kwa mwajiri aliyetangulia, barua ambayo kisheria hakulazimika kuiandika. Hebu fikiria uzito wa karatasi ile moja. Bibi mwenye nyumba hakuhitaji kumfungia msichana chumbani wala kumpiga. Alihitaji tu kukataa kuandika mistari minne. Na wakikwama mjini, kazi ikakosekana, wangeweza kurudishwa kwa gari hadi parokia ya mume, kwa kuwa mke alifuata parokia ya mumewe. Hadi 1846 ukaaji peke yake haukuwalinda, baada ya hapo ilitakiwa miaka mitano, na ni mwaka 1865 tu ndipo mwaka mmoja ulipotosha. Wangerudi mbele ya watu walewale waliowakimbia.

Kuna yule ambaye ndoa haikufuata. Hapa ndipo natamani tamthilia zingekaa muda mrefu zaidi kuliko kwenye dansi. Sheria ya 1834 ilimtwika mama peke yake mzigo wa mtoto wa nje ya ndoa mpaka afike miaka 16, kwa hoja kwamba msichana akijua hivyo atajitunza. Mwaka 1844 aliruhusiwa kumshitaki baba wa mtoto na kupewa hadi shilingi 2 na peni 6 kwa wiki, na mwaka 1872 kiwango kikapanda hadi shilingi 5. Kwenye karatasi ni maendeleo. Lakini kesi ilisikilizwa na nani? Na mahakimu wa amani wa wilaya, ambao walikuwa wenye ardhi na makasisi. Ilimpasa alete ushahidi wa kuunga mkono maneno yake. Binti wa kibarua anayemshitaki mtoto wa mkulima alisimama mbele ya bwana aliyempangisha mkulima huyo shamba, huku baba yake mwenyewe analala kwenye nyumba ya mkulima huyo. Hakuna kifungu kilichomkataza kushinda. Angeshinda, mtoto akapata nusu crown, yaani zile shilingi 2 na peni 6, kwa wiki, na familia ikapata notisi ya kuhama. Katika miaka ya 1840, kati ya watoto 100 waliozaliwa Uingereza na Wales, 6 au 7 walikuwa wa nje ya ndoa. Idadi hiyo inawahesabu watoto. Wasichana waliokaa kimya haiwahesabu.

Upande wa pili husema ukuta haukuvukika. Huu nao si ukweli mzima, na kesi mbili zinatosha. Ya kwanza ni ya Uppark, kasri juu ya kijiji cha South Harting, Sussex. Mwaka 1825 Sir Harry Fetherstonhaugh, mzee aliyepita miaka 70, alimwoa Mary Ann Bullock, mkamuaji wake, binti aliyeingia tu miaka ya 20. Husimuliwa kwamba alimsikia akiimba kwenye chumba cha maziwa. Alimpeleka Paris afunzwe mwenendo wa kibibi. Mzee alifariki mwaka 1846 akamwachia kila kitu, na mkamuaji wa zamani akaishi Uppark kama mwenye mali hadi kifo chake mwaka 1874, akamrithisha mdogo wake Frances. Tafakari tarehe hizo. Kwa karibu nusu karne ya enzi ya Victoria, kasri lile lilikuwa mikononi mwa mabinti waliotoka upande wa ndoo.

Ya pili ni ya Hannah Cullwick wa Shifnal, Shropshire, mtumishi wa kazi zote tangu utotoni, na Arthur Munby, mwanasheria wa familia yenye hadhi. Walikutana London mwaka 1854, wakapendana miaka 19 kabla ya kuoana kwa siri mwaka 1873. Mbele za watu aliendelea kuwa mtumishi wake. Munby alitaka awe bibi, avae glavu, akae sebuleni. Hannah alikataa. Wengi huisoma kesi hii kama maajabu ya wapenzi wawili wenye tabia za ajabu, na kweli lipo la kushangaza ndani yake. Mimi huona mwanamke aliyepiga hesabu vizuri kuliko mwanasheria wake. Mtumishi alikuwa na mshahara wake na mikono yake, angeweza kuaga na kuondoka. Mke, kabla ya sheria za mali za 1870 na 1882, karibu kila alichonacho kilikuwa cha mumewe. Kupanda daraja kungempa glavu na kumwondolea mshahara. Alirudi Shropshire, Munby akawa anamtembelea huko, naye akafariki mwaka 1909, miezi michache kabla ya mumewe.

Ukiziweka kesi hizo pamoja unaona kanuni ambayo tamthilia huigusa bila kuieleza. Wote wawili waliovuka ni wanaume walioteremka kumchukua mwanamke. Mwelekeo wa pili, binti wa kasri kuolewa na mtunza farasi, ulikuwa adimu sana, na sababu haiko kwenye moyo wa binti. Mke alichukua daraja la mumewe. Mkamuaji aliyeolewa na Sir Harry akawa Lady Fetherstonhaugh. Binti wa Sir Harry fulani akiolewa na mtunza farasi angekuwa mke wa mtunza farasi, na watoto wake vivyo hivyo. Mwanaume alipooa chini, hadhi yake ilimfunika mkewe. Mwanamke alipoolewa chini, familia yake yote ilihesabu hasara. Ndiyo maana wazazi walilinda mabinti kwa ukali waliousamehe kwa watoto wa kiume, na ndiyo maana kijana wa nyumba kubwa aliweza kucheza na binti wa seremala akiwa na uhakika kwamba, liwe liwalo, yeye atabaki alivyo. Tabaka na jinsia vilikuwa mashine moja yenye magurudumu mawili.

Sasa kuna hoja moja dhaifu kuliko zote, na inasikika sana siku hizi: kwamba watu wa kijiji cha zamani waliridhika. Kila mtu alijua nafasi yake, ndoa zilidumu, na sisi wa leo ndio tuliochanganyikiwa. Jibu la kwanza ni yule mtoto wa tundu la ufunguo. Mwezi Februari 1872 Arch alisimama chini ya mti huko Wellesbourne, usiku, akahutubia vibarua, na katika miaka miwili chama cha vibarua wa mashambani kikawa na wanachama zaidi ya 80,000. Arch aliweza kusimama kwa sababu kibanda cha ukoo wake kilikuwa mali yao wenyewe, hakuna aliyeweza kumfukuza. Wengi waliomfuata hawakuwa na bahati hiyo, na wapo waliotupiwa vyombo nje kwa kosa la kujiunga. Jibu la pili ni miguu. Waliokuwa vijana waliondoka kwa maelfu kwenda miji ya viwanda, Canada, Australia, New Zealand. Kuhusu ndoa kudumu, talaka ya mahakamani ilianza mwaka 1857, kesi ikisikilizwa London, na mke hakutosheka na kuthibitisha uzinzi wa mume peke yake, alitakiwa aongeze kosa jingine. Ndoa isiyo na mlango wa kutokea itadumu. Kudumu kwake hakutuambii chochote kuhusu furaha iliyokuwa ndani.

Msomaji anaweza kuuliza haya yanatuhusu nini. Yapo yanayotuhusu moja kwa moja. Mwaka 1871 wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, walinunua shamba Mbweni, kusini mwa mji wa Zanzibar, wakajenga kijiji cha watu waliokombolewa utumwani: kanisa, shule, nyumba ndogo na viwanja vya kulima. Walikuwa Waingereza wa enzi ya Victoria, na kijiji walichokijua ndicho walichokijenga. Wasichana walisoma katika shule ya Mtakatifu Maria, ambako Caroline Thackeray alifika mwaka 1877 na kufundisha kwa miongo kadhaa. Waliofanya vizuri darasani walitazamiwa kuwa walimu na kuolewa na vijana waliosomeshwa Kiungani, shule ya wavulana ya misheni hiyohiyo. Wasiofanya vizuri walielekezwa upande wa kazi za mikono, kufua, kupika na kushona. Watoto waliotoka kwenye jahazi moja la watumwa, bila ukoo wala mali, walipangwa upya kufu na kufu kwa kipimo cha daftari. Simkatazi mtu kushukuru mema ya Mbweni, nami nayashukuru. Ila tusidhani hesabu ya nani anamfaa nani ilikuja kwetu na tamthilia.

Hata cheti kilikuja. Kuanzia Julai 1837 kila ndoa ya Uingereza na Wales iliandikwa kwenye fomu moja: tarehe, majina, umri, hali ya ndoa, cheo au kazi, makazi, jina la baba, cheo au kazi ya baba. Safu mbili kati ya hizo ni za tabaka, na ya mwisho kabisa inampima mtu kwa baba yake siku anayoanza nyumba yake mwenyewe. Chini wanatia saini. Karibu na 1840 nusu ya mabibi harusi na theluthi ya mabwana harusi waliweka alama ya X. Mwaka 1900 waliobaki kufanya hivyo walikuwa kama 3 katika kila 100. Watu wa zama zile walitaja jambo jingine: bibi harusi anayejua kuandika akimwona mumewe anaweka X, naye huweka X, asimwaibishe mbele ya kasisi. Katika nyaraka zote za enzi ile sijui alama ya mapenzi iliyo wazi kuliko hiyo, na ni alama ambayo kumbukumbu za serikali zimeihesabu kama ujinga wa kusoma.

Jina la mama halikuwemo. Mama aliyezaa, aliyefua kwa watu ili nguo ya harusi ipatikane, aliyekaa benchi la mbele siku hiyo, hakuwa na safu. Aliongezwa tarehe 4 Mei 2021, na habari ile ilipita kama marekebisho madogo ya ofisini. Kwangu ilikuwa habari kubwa. Kwa karibu miaka 184 kitabu cha ndoa kiliuliza swali moja kuhusu asili ya mtu, baba yako ni nani na ana cheo gani, na hakikutaka kujua zaidi.

Nilimwonyesha mpwa wangu picha ya ukurasa mmoja wa kitabu hicho. Aliupitia polepole, kidole juu ya kila safu: kibarua, kibarua, mhunzi, mkulima. Akafika kwa bibi harusi mmoja ambaye safu ya baba ilikuwa tupu, kalamu imepita katikati yake tu. Akaniuliza kama yule binti mwenye sanduku, mtoto wake alipokua akaja kuolewa, naye angeandikiwa hivyo.

Nikamwambia ndiyo, mstari kama huo.